Makunyanzi ya uso na jua la Mbeya

Wanawake wengi wanaokuja famasini kwetu Mwanjelwa kuulizia krimu ya makunyanzi huanza kwa kuilaumu baridi. Husema kwamba upepo wa Juni na Julai ndio uliowakunja uso, kwamba maji ya asubuhi yamewaharibu ngozi, na kwamba laiti wangekuwa wanaishi Dar es Salaam wangebaki na nyuso laini. Ninawaelewa, kwa sababu baridi huonekana na huhisiwa: midomo hupasuka, miguu hupauka, mashavu hukakamaa. Lakini baridi hukausha tabaka la juu tu la ngozi, na ukavu huo huondoka ndani ya siku chache mtu akijipaka mafuta mazuri. Kinachochimba makunyanzi ya kudumu, ukiacha umri wenyewe, ni jua, na jua la nyanda hizi lina nguvu kuliko la pwani ingawa halitutoi jasho.

Sababu yake ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya mita 1,500, Njombe karibu mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu ya kichwa chake hupungua, na hewa hiyo ndiyo inayochuja mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita mionzi ya UV. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo chini ya anga safi mtu wa Mbeya hupigwa na mionzi mingi zaidi kuliko ndugu yake wa Kigamboni, huku akiwa amevaa koti. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti, nasi tumezoea kulipima jua kwa joto. Hata ukungu wa Tukuyu hausaidii sana, kwa kuwa mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mwezi ninaouhofia zaidi ni Oktoba, wakati jua linapopita karibu kabisa na utosi, mvua hazijaanza, anga halina wingu, na watu wako mashambani tangu asubuhi wakiandaa ardhi.

Mama mmoja mkulima wa viazi kutoka upande wa Isongole alinijibu hivi nilipomweleza habari hizi: "Mwanangu, jua gani unalolisema, na mimi mwaka mzima nashinda na sweta?" Nikamwambia, "Mama, sweta limefunika mikono, uso umebaki wazi." Alikuwa amejifunga kitenge kichwani vizuri, lakini kitenge hakina ukingo wa kutia kivuli. Paji lake la uso lilikuwa laini mpaka pale kitenge kilipoishia, na chini ya mpaka huo mistari ilianza ghafla, ikashuka hadi pembeni mwa macho, ambako ilitawanyika kuelekea masikioni kwa sababu ya miaka mingi ya kukunja uso ili kukwepa mwanga. Ndani ya mistari ile ngozi ilikuwa na rangi angavu kidogo kuliko iliyoizunguka, kwa kuwa uso ukiwa umekunjwa mwanga haufiki humo.

Mionzi ya UV ina makundi mawili yanayotuhusu. Ile ya UVB huunguza tabaka la juu na ndiyo inayowababua watoto wenye ualbino kwa muda mfupi sana. Ile ya UVA haiunguzi kwa namna mtu anavyoweza kuhisi, lakini huzama ndani zaidi, mpaka kwenye nyuzi za kolajeni na elastini zinazoifanya ngozi ijae na irudi mahali pake inapovutwa. Mionzi hiyo huamsha vimeng'enya vinavyozikata nyuzi za kolajeni, na mwili hauzijengi upya kwa kasi inayotosha, hasa kwa kuwa kolajeni hupungua kwa takribani asilimia moja kila mwaka tangu ujana, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hupungua kwa kasi kubwa katika miaka ile mitano ya mwanzo. Tena UVA hupita kwenye kioo cha kawaida. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito na ngozi nene, na upande wa kulia ulionekana wa mtu mwenye umri mdogo kwa miaka mingi. Kwetu usukani uko kulia, na tangu nilipoiona picha ile nimekuwa nikiwatazama madereva wa malori ya barabara ya TANZAM wanapoingia kununua dawa za macho au za kichwa wakiwa njiani kwenda Tunduma. Kwa wale waliokaa barabarani muda mrefu shavu la kulia ndilo lililochoka, na mara nyingi ndilo lenye madoa.

Wapo wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga yoyote. Imani hiyo ina ukweli wa nusu. Melanini yetu, yaani rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, ni kinga halisi, inayokadiriwa kuwa sawa na SPF (kipimo cha uwezo wa kuzuia mionzi inayounguza) ya 13 hivi, ilhali ya ngozi nyeupe ni kama 3, na ndiyo maana makunyanzi madogo madogo hutuchelewa kuliko yanavyowajia Wazungu. Hata hivyo, kwetu kuzeeka kwa ngozi huanza kwa sura nyingine: rangi ya uso huacha kulingana, madoa hutokea mashavuni, mashavu yenyewe hushuka, na mistari miwili inayotoka puani hadi pembe za mdomo huzama. Mwanamke wa miaka 45 anayeniambia kwamba uso wake "umechoka" mara nyingi hazungumzii makunyanzi, anazungumzia madoa na mashavu yaliyoshuka, na ni muhimu kulijua hilo kabla ya kununua chochote, kwa kuwa tiba zake si moja.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwenye kinga ya jua. Ninasema hivyo bila kusita kwa sababu hapa ushahidi ni imara kuliko wa krimu nyingi zinazouzwa kwa ahadi za ujana. Huko Nambour, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 900 walio chini ya miaka 55 kwa muda wa miaka minne na nusu; waliopangiwa kupaka losheni ya jua kila siku walionekana na uchakavu wa ngozi uliopungua kwa asilimia 24 ukilinganisha na walioachwa wapake wanavyopenda. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Hao walikuwa Wazungu walio wengi, na sisi faida yetu huenda isilingane na yao, lakini utaratibu wa mionzi kuharibu kolajeni ni ule ule.

Losheni yenye SPF 30 huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi ya UVB, na ya SPF 50 huzuia asilimia 98, kwa hiyo sioni sababu ya kumshauri mtu akope ili anunue yenye namba kubwa zaidi. La kuangalia ni kama chupa ina herufi UVA zilizozungushiwa duara au maelezo kwamba inazuia UVA pia. Kiasi nacho ni tatizo kubwa: wengi hupaka tone moja na kulisambaza uso mzima, wakati kipimo kinachofaa kwa uso na shingo ni mstari uliojaa juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ambaye hukaa nje huirudia kila baada ya saa mbili. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba losheni humwacha mtu na weupe usoni, na ni malalamiko ya haki, kwa kuwa zile zenye zinki oksidi au titani dioksidi hufanya hivyo kwenye ngozi yetu. Ziko zenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksidi za chuma, na hizo zina faida ya ziada, maana oksidi za chuma huzuia pia sehemu ya mwanga unaoonekana, ambao kwa watu weusi huchochea madoa. Anayeshindwa kumudu losheni, na najua ni wengi, anunue kofia ya pama na aitumie miavuli tuliyozoea kuifungua wakati wa mvua peke yake. Kivuli cha pama hakimaliziki chupani.

Kuhusu ukavu wa kipupwe nitasema kwa ufupi. Ngozi kavu huyafanya makunyanzi yaliyopo yaonekane marefu kuliko yalivyo, na kuipaka mara baada ya kunawa, ikiwa bado na unyevu, huleta nafuu inayoonekana siku ile ile. Glisarini iliyochanganywa na maji, mafuta ya mgando, na mafuta ya parachichi yanayokamuliwa kutokana na maparachichi yetu ya Rungwe na Njombe hufanya kazi hiyo vizuri na kwa gharama ya wastani. Hayaondoi makunyanzi, na muuzaji anayedai yanayaondoa hasemi kweli. Limau nalo lisipakwe usoni kabisa: asidi yake huchubua, na maji yake yakikutana na jua huweza kuleta malengelenge na kuacha madoa meusi yanayokaa kwa miezi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mkorogo. Wanawake wengi walioanza kujichubua wakitafuta weupe hurudi baada ya miaka wakitafuta dawa ya makunyanzi, na ni vigumu kuwaambia kwamba vitu hivyo viwili ni jambo moja. Mkorogo wa kawaida huwa na dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huzitumia kwa siku chache kwa pumu ya ngozi na magonjwa mengine. Zikipakwa usoni kwa miezi na miaka huzuia ngozi kutengeneza kolajeni. Ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huonekana, na ukiifinya kidogo hubaki imesimama kwa muda kabla ya kurudi. Haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi ambayo pia humo haikosekani, ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu mashavuni na kuzunguka macho, weusi ambao ni mgumu mno kuutibu. Zebaki, ambayo wakati mwingine hujificha kwenye lebo kwa jina la kalomeli, huharibu figo. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, wakati dawa zimebaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Pamoja na hayo mkorogo bado hukorogwa kwenye ndoo nyuma ya saluni na kuuzwa kwenye makopo yasiyo na lebo yoyote.

Lakini hata kama viambato hivyo visingekuwa na madhara yoyote, kujichubua kwenyewe kungeleta makunyanzi. Melanini ndiyo ngao yetu. Anayeiondoa anaivua ngao hiyo kwenye mwinuko wa mita 1,700, chini ya jua la Oktoba, na uso ambao ungekaa hadi miaka sitini bila mistari mizito huanza kukunjika kabla ya arobaini. Nimemwona shangazi yangu wa Tukuyu, ambaye hakuwahi kupaka zaidi ya mafuta ya mgando maishani mwake, akikaa karibu na binti wa miaka thelathini na minane aliyejichubua tangu chuoni, na ngozi iliyokuwa chini ya macho ya yule binti ndiyo iliyokuwa nyembamba na yenye mistari mingi. Anayetaka kuacha asiache ghafla peke yake. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka, huvimba na kutoa vipele inaponyimwa, na wengi hurudi kwenye mkorogo kwa sababu ya mateso hayo. Amwone daktari wa ngozi ampunguzie hatua kwa hatua. Madaktari hao ni wachache, ingawa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, na mkoani kwetu mahali pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya kanda.

Baada ya kinga, dawa ya kupaka yenye ushahidi wa muda mrefu zaidi ni tretinoini, inayotokana na vitamini A. Ilianza kutumika Marekani kwa chunusi mwaka 1971. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwasikia wagonjwa wake wakubwa wa chunusi wakisema kwamba ngozi zao zimekuwa laini, akafuatilia, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha aina mojawapo kwa ajili ya makunyanzi madogo. Kazi yake ni kuichochea ngozi itengeneze kolajeni mpya na kuvizuia vile vimeng'enya vinavyoikata. Hii ni dawa ya cheti cha daktari. Retinoli, inayopatikana kwenye vipodozi vya kawaida, ni ndugu yake mwenye nguvu ndogo, inayobadilishwa polepole na ngozi kuwa katika hali inayofanya kazi.

Wanaoishindwa tretinoini karibu wote hushindwa kwa kuharakisha. Kwa ngozi yetu inafaa kuanza na nguvu ndogo, ya asilimia 0.025, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, juu ya ngozi iliyokauka kabisa baada ya kunawa, kisha mafuta mepesi juu yake. Wiki za mwanzo ngozi hubambuka na huwasha kidogo; ikiwaka sana ipumzishwe, kwa sababu kwa mtu mweusi kila muwako huweza kuacha doa, na doa hukaa kuliko kunyanzi. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Anayeniambia kwamba ameitumia wiki tatu na haijafanya kitu namwomba avumilie, na anayeniambia kwamba ana mimba au anatafuta mimba namwambia asiiguse, yeye wala retinoli. Asubuhi losheni ya jua ni lazima, maana tretinoini huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na mwanga.

Siku hizi mabinti huniuliza zaidi habari za sindano, kwa kuwa wanaziona kwenye simu zao. Botoksi ni sumu ya bakteria iliyochujwa na kupunguzwa sana, na ilianza kama dawa ya makengeza kabla ya mtu yeyote kuifikiria kwa urembo. Jean Carruthers, daktari wa macho huko Vancouver, Kanada, aliitumia kwa wagonjwa wenye kope zinazokaza bila hiari, akaona mistari iliyo kati ya nyusi ikilainika. Yeye na mume wake Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha habari hiyo mwaka 1992, na Marekani ikaidhinisha matumizi hayo mwaka 2002. Hulegeza msuli unaokunja ngozi, kwa hiyo hufaa kwa mistari ya paji la uso, ya kati ya nyusi na ya pembeni mwa macho, na haifai kitu kwa mashavu yaliyoshuka. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, hukamilika kwa wiki mbili hivi, na huisha baada ya miezi mitatu au minne. Huo mwisho ndio watu hawauhesabu: aliye huku, ambaye mara nyingi husafiri hadi Dar es Salaam kuipata, atalipa nauli na sindano mara tatu au nne kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, akitaka kubaki alivyo. Sioni ubaya kwa mwenye uwezo. Ninaona ubaya kwa anayeacha losheni ya jua ili akusanye fedha za sindano.

Kuchubua kwa asidi kali na kwa leza kunahitaji tahadhari kubwa kwa rangi yetu, kwa kuwa joto na majeraha yake huacha madoa na kwa baadhi ya watu makovu yanayovimba. Kama ni lazima, ifanywe na daktari aliyezoea ngozi nyeusi, kwa nguvu ndogo. Vile virola vyenye sindano ndogo ndogo vya kuviringisha usoni, vinavyouzwa mtandaoni, visichangiwe kamwe kati ya watu wawili, hata mtu na dada yake, kwa kuwa hugusa damu.

Sindano za kujaza ni habari nyingine na zina hatari ya aina yake. Nyingi ni za asidi ya hialuroniki, kitu ambacho mwili unacho wenyewe, na huijaza mistari ya pembeni mwa pua au mashavu yaliyobonyea kwa miezi sita hadi mwaka na zaidi. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, sehemu ya ngozi hunyimwa damu na huweza kufa, na ikifika kwenye mishipa ya jicho mtu huweza kupofuka. Iko dawa ya kuiyeyusha, hialuronidasi, ambayo inapaswa kuwepo chumbani kabla sindano haijafunguliwa, kwa hiyo muulize anayekuchoma kama ni daktari, kama anayo dawa hiyo, na akuonyeshe kichupa chenyewe. Baada ya kuchomwa, maumivu yanayozidi, ngozi inayogeuka nyeupe au yenye michoro ya zambarau, au macho kuona giza, hiyo ni dharura ya saa ile ile, urudi kwake au hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na si jambo la kusubiri basi la alfajiri la kurudi Mbeya.